Umerudi kijijini: sukuma wiki kwanza au kuku wa kienyeji?

Wengi waliorudi nyumbani kutoka Nairobi mwaka 2020, korona ilipofunga hoteli na baa, walikabili uamuzi huu. Sukuma wiki huleta pesa mapema: miche hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6, hupandikizwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, na uchumaji huanza baada ya wiki 6 hadi 8 nyingine. Adui ni kiangazi na wadudu waitwao vidukari. Pasipo maji karibu, usijaribu kabisa.

Kuku hungoja miezi 6 hivi ndipo watage. Wasipochanjwa, ugonjwa wa kideri (Newcastle) humaliza banda zima kwa siku chache, kwa hiyo tone la chanjo la jichoni lirudiwe kila miezi 3. Mwenye akiba ndogo aanze na mboga. Majani yaliyozeeka watakula kuku baadaye.