Darubini ya kuanzia niliyouziwa mjini: stendi yake haikutengenezewa Nairobi

Kama unaishi Nairobi na unatafuta darubini ya kwanza ya kuangalia nyota, usikubali kuuziwa yenye stendi ya ikwetoria, ile yenye fimbo na chuma kizito mwishoni mwake. Kataa, hata wakikushushia bei. Naandika nikiwa bado na hasira, na sababu ninazo.

Niliinunua katikati ya mji, kwenye duka la kamera na vifaa vya shule, shule zilipofungwa. Kijana wangu yuko Gredi ya 8 na tangu asome habari za sayari hatupumui nyumbani. Vipimo vya darubini yenyewe mtavipata popote, sitavirudia. Ila muuzaji alinishikilia muda mrefu akinionyesha namba 525 iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, eti inakuza mara 525. Namba hiyo ipuuzeni. Kinachokusanya mwanga ni upana wa kioo, na picha ya maana kwa kawaida haivuki mara mbili ya upana huo kwa milimita. Kioo cha milimita 76 ukikipeleka zaidi ya mara 150 unaangalia ukungu tu. Ile 525 wanaipata kwa kurundika lenzi juu ya lenzi. Hilo ningeweza kulisamehe, maduka mengi yanauza hivyo.

Stendi siwezi kuisamehe.

Stendi ya aina hii ina mhimili unaotakiwa kuelekezwa kwenye ncha ya anga, pale nyota zinapoonekana kuzunguka, ili ukishaipata nyota uifuate kwa kuzungusha kifundo kimoja tu. Ulaya wanauinamisha mhimili huo juu, kuelekea Nyota ya Kaskazini, na mambo yanakwenda. Nairobi iko digrii 1 na kidogo kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini hapa iko chini ya upeo wa macho, na mhimili inabidi ulale karibu sawa na ardhi. Huu wetu ulikataa kulala. Skrubu iliishia juu huko. Tulipolegeza kila kitu na kuulazimisha, kile chuma kizito kikawa kinagonga mguu wa stendi.

Tulikuwa juu ya paa, pale wapangaji wanapoanika nguo, mawingu yameachia kidogo. Kijana ameshika tochi aliyoifunga karatasi nyekundu ya pipi ili macho yasipoteze giza. Anahangaika mpaka anaipata nyota moja ya Msalaba wa Kusini, anasema njoo uone, anageuza bomba kidogo nipate nafasi ya kuchungulia, kwa! Chuma kwenye mguu. Nyota imeenda. Anaanza upya. Anaipata, kwa! Mwishoni aliacha kuniita. Alikuwa anaanza upya kimya kimya, na mimi nimesimama pale namwangalia mtoto wangu akiamini kwamba yeye ndiye asiyejua.

Nikabeba boksi na risiti, tukarudi dukani.

Yule muuzaji hakulifungua boksi. "Madam, umesoma maagizo? Yanasema uanze na Nyota ya Kaskazini." Nikamwambia kwa upole kwamba nyota hiyo Nairobi haionekani. Akamgeukia mwenzake: "Sikia huyu, anasema nyota imehama!" Wakacheka. Kisha akamtazama kijana wangu: "Wewe, mwambie mama akununulie mpira. Hii kitu inataka akili."

Mbele ya wateja. Kwa mtoto.

Kijana hakujibu. Akatoa simu yangu, akafungua programu ya Stellarium, akaweka Nairobi, akageukia kaskazini, akamwonyesha ile nyota iko chini ya mstari wa ardhi. Muuzaji hakutupa hata jicho. Alinyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mtu anauza vifaa vya anga hapa penye ikweta na hajui nyota zipi ziko juu ya kichwa chake, halafu anayeambiwa hana akili ni mtoto aliyemletea ushahidi mkononi!

Na hasira ilizidi tulipofika nyumbani, nikachunguza ile "zawadi" aliyotutilia ndani ya boksi: kilenzi cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya kuchungulia, ati cha kuangalia jua. Wazazi, nawaomba. Mkikuta kitu hicho kitupeni siku hiyohiyo. Kioo cha darubini kinakusanya joto la jua lote na kulimwaga pale pale kwenye kilenzi. Kikipasuka, jicho limekwenda, na halitarudi. Kichujio salama hufunga mdomo mzima wa bomba kule mbele, kabla mwanga haujaingia. Huyu mtu aliniwekea hatari mkononi, akaiita zawadi, nami nikamwambia asante.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaandika hapa kwamba msinunue kabisa, alama ya nyota moja, basi. Nimefuta.

Nimefuta kwa sababu ya fundi seremala mmoja wa kando ya Ngong Road. Kijana alikuwa amesoma habari za John Dobson, Mmarekani aliyekuwa mtawa, ambaye miaka ya 1960 alikuwa akiweka darubini zake kando ya barabara San Francisco ili wapita njia waangalie. Stendi yake ni sanduku la mbao tu: linazunguka kushoto na kulia, bomba linapanda na kushuka. Halina mhimili wa kuelekeza kokote, halihitaji nyota ya mtu. Fundi aliutazama mchoro wetu, akaniuliza, "Mama, hili bomba uzito wake uko wapi, mbele au nyuma?" Swali hilo moja lilikuwa na maana kuliko yote niliyosikia pale dukani. Akatumia plaiwudi, kipande cha fomika chini na vibao vya plastiki laini ili lizunguke bila kukwama. Gharama haikufika robo ya nilichotoa mjini.

Usiku wa kwanza mawingu yalipoachia tukaipata sayari ya Mshtarii (Jupita), kwa lenzi inayokuza kidogo kabisa. Nataka mnielewe vizuri: kwenye bomba lilelile, kioo kilekile. Duara dogo jeupe lenye mikanda hafifu, na pembeni vinukta vinne vimejipanga mstari mmoja, miezi ileile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Kijana akaichora kwenye daftari. Kesho yake mpangilio umebadilika, mmoja umehamia upande wa pili. Alinivuta mkono nusura aung'oe.

Basi kioo ni kizuri, nakubali. Nyota nne kwa kioo. Stendi, sifuri. Ukiweza kupata bomba peke yake, au darubini inayouzwa na sanduku la Dobson kabisa, chukua bila kufikiria.

Kwa wanaoanza: kidarubini cha kulengea kirekebisheni mchana kwa kutumia mnara wa mbali, la sivyo usiku mtatafuta mpaka mlie. Mwezi uangalieni ukiwa nusu, mashimo yanatokeza vizuri kwenye mpaka wa giza na mwanga. Ukiwa mpevu unapiga macho na hauonyeshi kitu. Omega Sentauri, lile kundi kubwa la nyota, tuliipata hivi: ziko nyota mbili kali karibu na Msalaba wa Kusini. Shika ile iliyo karibu zaidi na Msalaba, yaani Beta Sentauri, pita nyota ya Epsilon Sentauri, endelea umbali karibu uleule. Mtaani kwetu, na ule mwanga wa mulika mwizi, ni doa la ukungu tu, ingawa ni mamilioni ya nyota. Upande wa Magadi, kwenye giza, lile doa linajaa punje punje. Mwezi wa saba msijisumbue sana, mawingu ya Nairobi mnayajua.

Nimesoma tena nilichoandika na naona nyota nne ni nyingi mno kwa pesa iliyopitia mikononi mwa yule mtu. Naweka mbili. Kijana anasema tatu. Zibaki mbili, mpaka atakapomwomba mtoto radhi. Lenzi ya pili tumeagiza kwingine, na itachukua wiki kadhaa kufika, tutasubiri.