Mississippi Masala na nyumba yetu ya Msajili

Mimi nimekulia kwenye picha za Kihindi. Nimezitazama Avalon mjini Dar nikiwa nimepakatwa, kisha kwenye kibanda umiza nikiwa nimebanwa ukutani, na siku zote nilijua stelingi hafi mpaka adui apigwe. Kwa hiyo nilipomwambia kijana anayeturushia muvi kwenye flashi kwamba nataka picha ya Wahindi waliohama makwao, aliniuliza, "Ya ngumi au ya mapenzi, bro mkubwa?" Aliyonipa, Mississippi Masala, ilikuwa na ukungu, midomo inatangulia sauti, na nusu saa ya mwisho haikuwemo. Kwa shilingi elfu moja sikuwa na la kudai.

Nakala ya kueleweka niliipata baadaye, dada yangu alipokuja likizo kutoka Uingereza. Ni toleo lililosafishwa upya na kutolewa mwaka 2022, mwongozaji Mira Nair mwenyewe akisimamia pamoja na mpiga picha wake, Edward Lachman. Kama unaweza kusubiri, subiri hilo. Kwenye ile ya flashi Kampala ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Kwenye hii majani yanang'aa, na unaelewa kwa nini mtu aliyezaliwa pale hawezi kupasahau.

Picha yenyewe ni ya mwaka 1991. Inaanzia Uganda 1972, Idi Amin amewapa Waasia siku 90 waondoke. Jay (Roshan Seth) ni wakili, mzaliwa wa Kampala, na rafiki yake tangu utotoni ni mwalimu, Okelo. Okelo ndiye anayemtoa Jay mahabusu, na Okelo huyohuyo ndiye anayemwambia kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika, Waafrika weusi. Jay hamsamehi. Anaondoka na mkewe na binti yao mdogo bila kumuaga rafiki yake. Miaka inapita, tunawakuta Greenwood, jimbo la Mississippi, wanaishi kwenye moteli ya ndugu zao. Mke anauza pombe dukani. Jay anaandika barua baada ya barua kuidai serikali ya Uganda nyumba yake. Binti, Mina (Sarita Choudhury), anagonga gari la Demetrius, kijana Mweusi anayesafisha mazulia. Huyo ni Denzel Washington, na dada yangu alisema hiyo peke yake inatosha kununulia diski.

Mapenzi yao ni matamu, ingawa yanakwenda haraka. Kilichonikamata ni mzozo baada ya kufumaniwa. Wahindi wenye moteli waliokuwa wakimwita Demetrius "ndugu" wanamnyang'anya kazi siku ileile. Naye anakwenda kumkabili Jay uso kwa uso, anagusa shavu lake mwenyewe na kumwonyesha kwamba rangi zao zimepishana kidogo tu. Mtu yeyote aliyewahi kufuatwa nyuma dukani, mtaa wa Wahindi, kana kwamba amekuja kuiba, atajua kwa nini nilisimamisha picha nikaenda kunywa maji.

Lakini mimi nilikuwa na langu jingine. Sisi tulikulia Upanga, Dar, kwenye ghorofa ya Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali iliyosimamia majumba yaliyotaifishwa. Kwetu hakukuwa na Amin wala siku 90. Kulikuwa na sheria ya Aprili 1971, majumba ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi laki moja yakawa ya serikali, na wengi waliokuwa nayo walikuwa Waasia. Baba akapata vyumba viwili na sebule. Juu ya mlango wa chini kulikuwa na mwaka uliochorwa kwenye saruji, 1957, na jina la mtu ambalo sisi watoto tulilitumia kutaniana. Sebuleni, darini, kulikuwa na ndoano mbili nene za chuma. Mama alining'iniza chandarua cha wageni hapo.

Hapo ndipo nina ugomvi na Mira Nair. Amempa Jay machozi, barua na kesi, amempa safari ya kurudi Kampala. Okelo kapewa nini? Ni mtu mwema, halafu anapotea. Hakuna Mganda mwingine anayepewa nafasi ya kusema aliionaje ile nyumba kutoka nje ya uzio. Hata mke wa Jay, Sharmila Tagore, anabaki pembeni wakati ningemsikiliza saa nzima.

Baada ya hii nilitafuta nyingine yake, The Namesake ya mwaka 2006, ya Wabengali wa New York, na Irrfan Khan na Tabu. Ni tulivu zaidi, pengine nzuri zaidi. Tabu anaonja chakula cha Marekani cha asubuhi, anakimwagia pilipili na karanga, kinageuka chevda, ule mchanganyiko wa kutafuna wa Kihindi. Nilicheka peke yangu.

Mara ya tatu niliitazama Mississippi Masala na Mama. Haelewi Kiingereza cha kule, na tafsiri ya Kiswahili kwenye diski hakuna, hivyo nilikuwa mkalimani. Jay alipoifikia nyumba yake ya zamani akasimama anaitazama, Mama akasema, "Simamisha."

Akaniuliza kama namkumbuka mzee aliyebisha hodi nikiwa darasa la nne. Nilimkumbuka. Mhindi mwembamba, kavaa kofia, aliomba kuingia dakika moja tu. Mama alimpa maji. Alisimama katikati ya sebule, glasi mkononi, anatazama dari, na mimi na dada tulikimbilia jikoni kucheka.

"Zile ndoano," Mama akasema, "zilikuwa za bembea. Aliniambia mkewe alikuwa akimlazia mtoto hapo. Haya, endelea na picha yako."