The Hunger Games kwa jicho la muuza nafaka

Wengi wanaoisifia riwaya hii ya Suzanne Collins, iliyotoka mwaka 2008, husifia mapigano. Mimi nauza unga, mchele na mafuta ya kupima, na kilichonikamata ni kurasa za mwanzo, kabla damu haijamwagika, pale inapoelezwa jinsi serikali ya Panem, nchi ya kubuni ya hadithi hii, inavyowapa watu wake chakula.

Mpango wenyewe uko hivi. Kila mwaka wakubwa wa Capitol, mji mkuu wa nchi hiyo, wanachukua mvulana na msichana mmoja mmoja kutoka wilaya 12, wa miaka 12 hadi 18, wakauane uwanjani mpaka abaki mmoja, na nchi nzima lazima itazame kwenye runinga. Wanapatikana kwa kura. Ukifikisha miaka 12 jina lako linaingia mara moja, 13 mara mbili, hivyo hivyo hadi mara saba. Kwenye karatasi, mtoto wa meya na mtoto wa mchimba makaa wako sawa. Ila mwenye njaa anaruhusiwa kuongeza jina lake, na kila nyongeza inamletea nafaka na mafuta kiduchu ya mtu mmoja kwa mwaka. Ya mwaka jana hayafutwi, yanalimbikizana. Katniss, msichana wa miaka 16 ambaye ndiye mhusika mkuu, amekuwa akichukua ya kwake, ya mama yake na ya mdogo wake Prim: jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale ana miaka 18, nyumba yao ni ya watu watano: mara 42. Nilivuta kikokotoo cha dukani nikapiga mwenyewe. Zinakubali zote mbili. Huku kwetu mtu akishindwa kulipa deni la unga tunanuniana, yanaisha.

Halafu siku ya kura anaitwa Prim, ambaye jina lake limo mara moja tu, maana dada yake alimkatalia kabisa kuongeza. Hapo nilikiweka kitabu chini kidogo. Katniss anajitolea kwenda badala yake.

Njaa haimtoki hata akifika Capitol. Anawekewa kuku kwenye mchuzi wa krimu, naye anaanza kuwaza: nyumbani kuku hashikiki kwa bei, ningewinda bata mzinga, krimu ningeipata kwa maziwa ya mbuzi, ingenichukua siku ngapi? Ukishakosa chakula unawaza hivyo hivyo. Na Rue, mshindani mwenzake, binti wa miaka 12 kutoka wilaya inayolima, anamsimulia kwamba kwao ukionekana unakula mazao unachapwa viboko mbele ya watu. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Panapochosha ni pangoni, walikojificha uwanjani. Katniss na Peeta, kijana wa muoka mikate aliyechaguliwa pamoja naye kutoka wilaya yao, wanabusiana ili wafadhili, watazamaji wanaolipia zawadi za kuwatumia washindani, wawatumie chakula. Wazo ni kali, busu moja sufuria ya supu, lakini limevutwa kurasa nyingi mno. Wale wanyama wa kutengenezwa wanaotokea mwishoni nao sikuwapenda. Hofu ilikuwa imeshatosha bila wao. Watu wa Capitol wenyewe, ukiondoa mshona mavazi Cinna, ni nywele za rangi na ujinga tu.

Kiingereza chake ni chepesi, sentensi fupi, Katniss anasimulia mwenyewe kila kitu kama kinatokea sasa hivi. Mwanafunzi wa kidato cha pili atakimaliza bila kamusi. Wa darasa la nne au la tano nisingempa, kwa sababu watoto wanauawa waziwazi na wengine wanauliwa na watoto wenzao.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Kuna mwendelezo, Catching Fire na Mockingjay, na wauza vitabu hupenda kukufungia vyote vitatu pamoja. Chukua hiki kwanza peke yake. Kama zile hesabu za kura hazikukugusa, hivyo viwili vingine vitakuwa hela ya bure.