Usuluhishi au Kusikilizwa na Majaji: Njia Mbili za Mtuhumiwa
Nchini Marekani, mfanyakazi wa kinu cha nyuklia anayetuhumiwa na Tume ya Udhibiti wa Nyuklia (NRC) kukiuka kanuni makusudi anaweza kushiriki usuluhishi wa faragha mbele ya msuluhishi asiyeegemea upande wowote. Makubaliano hutolewa kama amri rasmi, naye huachia haki ya kusikilizwa. Njia ya pili ni hii: asiposuluhishwa, akishapewa amri ya kumzuia kazi, anaweza kudai shauri mbele ya majaji, ambako jukumu la kuthibitisha tuhuma huwaangukia maofisa wa Tume. Njia hii, kwa maoni yangu, ina kinga nzito zaidi, hasa amri inapoanza kutumika papo hapo: kanuni ya 2.202 ya Tume humruhusu kupinga utekelezaji huo wa haraka kwa hoja kwamba umejengwa juu ya shaka tupu, tuhuma zisizo na msingi au makosa.