Siku tatu Rondo kwa baiskeli ya kukodi: uzoefu wangu

Nimerudi Lindi juzi jioni na vumbi jekundu la nyanda za juu za Rondo bado limeganda kwenye viatu. Tulikwenda wawili, mimi na wifi yangu, tukachukua huduma ya siku tatu kwa vijana wanaokodisha baiskeli na kutoa mwongozaji katika mji mmoja mdogo ulio kando ya barabara ya Lindi–Masasi. Jina lao naliacha, kwa sababu lipo kosa moja zito walilolifanya na tulikwisha kulizungumza ana kwa ana. Naandika kwa ajili yenu mnaotamani kwenda. Mle ndani ya huduma mnalipia vitu viwili, baiskeli na mtu, na thamani ya kimoja haifanani kabisa na ya kingine.

Bei yao ilikuwa hivi: baiskeli shilingi 15,000 kwa siku, mwongozaji 35,000 kwa siku kwa sisi wote wawili. Chakula na pa kulala tulimlipa mwenyewe mwenyeji aliyetulaza huko juu. Kibali cha kuingia kwenye msitu wa hifadhi kinatoka TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na unakilipia wewe, ila mwongozaji alitusindikiza mpaka kikapatikana. Kijijini nako tulianzia ofisi ya mtendaji, tukasaini kitabu cha wageni. Msiruke hatua hizo. Mgeni anayeonekana porini na baiskeli bila kujulikana anawapa watu wasiwasi, na wana haki.

Kwa asiyepajua: ukiwa barabarani unaelekea Masasi, mkono wa kushoto una nyanda za juu za Makonde, mkono wa kulia una Rondo, na katikati kuna bonde la mto Lukuledi unaoshuka kwenda kumwaga maji baharini pale Lindi. Kilele cha Rondo kinakaribia mita 900. Najua mtu wa Moshi au Lushoto atasema huo si mlima. Aje aupande kutokea bondeni, saa nne asubuhi, na mzigo kwenye keria.

Tulianza saa kumi na mbili na nusu, na hilo ni agizo la Mzee. Ndivyo tulivyomwita mwongozaji wetu, mtu wa makamo aliyezaliwa hukohuko, Mmwera, na yeye alituita "wanangu" tangu dakika ya kwanza. Bondeni ilikuwa bado baridi ya mwezi wa saba. Mashamba ya korosho yalinuka salfa, maana ni msimu wa kupulizia, na kila tulipopita tuliwasalimia watu waliojifunga vitambaa usoni na mabomba mgongoni. Kisha barabara ikaanza kuinuka, ikapinda, ikapinda tena, na mikorosho ikabaki nyuma.

Mlima ule si mkali mwanzo hadi mwisho. Unapanda, unapumzika kidogo, halafu unakuja mkunjo wenye mchanga laini ambapo tairi la nyuma linazunguka bila kwenda. Hapo unashuka, unasukuma. Sisi tulisukuma karibu nusu ya njia yote na sioni haya kusema hivyo. Mzee, ambaye baiskeli yake haina hata gia moja, alisukuma pia. Kuna jambo alilotufundisha ambalo lingeniokoa saa nzima kama ningelijua mapema: badilisha gia kabla ya kupanda, ukiwa bado tambarare. Ukisubiri mpaka mguu umebana, cheni inaruka. Yangu iliruka mara tatu.

Na utulivu wa ile njia! Tangu tulipoiacha lami hadi tunafika juu tulipishana na pikipiki tano na lori moja la mbao. Kilichobaki ni ndege, upepo, na pumzi zetu. Nimeishi mkoa huu miaka yote na sikujua kama ninacho kitu cha namna hii karibu na nyumbani.

Juu kuna misitu ya aina mbili na inafaa muione yote miwili siku moja. Kwanza ni shamba la miti la serikali, mitiki iliyopandwa kwa mistari, majani makubwa kama masinia yamepukutika na yanapasuka chini ya tairi kama papadi. Kunapitika vizuri, pana kivuli, lakini hukuti uhai mwingi. Halafu unaingia msitu wa asili na kila kitu kinabadilika. Kamba za miti zimesokotana, hewa ina ubichi hata kiangazi, na mara moja moja unakutana na mvule mmoja mnene uliosimama peke yake. Mzee aliweka kiganja kwenye gome la mmoja akatuambia kwamba enzi za Mwingereza, miaka ya 1950, mvule za Rondo zilipasuliwa kiwandani kwa wingi, na kwamba mababa zao ndio waliozikata. Alisema polepole. Ndani ya msitu huo baiskeli haziendi. Tuliziacha kwa mwenyeji na siku ya pili yote tukatembea kwa miguu, kama saa sita, na kwangu hiyo ndiyo siku bora ya safari.

Vaeni suruali ndefu na mikono mirefu. Kiangazi upupu umekauka na ukiupitia tu manyoya yake yanakufuata. Wifi yangu aliwashwa shingo mpaka jioni. Maji bebeni yenu, lita nne kwa mtu.

Sasa nizungumzie komba. Nilikuwa nimesikia kwamba Rondo ina komba wake, wala sikutilia maanani. Usiku wa pili Mzee alituuliza kama tuna nguvu ya kutoka tena. Tulikuwa tumeshiba ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na chai, miguu imekufa, lakini tukatoka. Akatupeleka kwenye ukingo wa msitu, akatwambia tuzime tochi na tukae kimya. Tulikaa muda mrefu. Kwanza alilia komba mkubwa, huyu tunayemjua, kilio chake cha mtoto. Baadaye, kwa chini zaidi, kwenye vichaka, ikaja sauti nyingine: vipigo viwiliviwili, vyepesi, vinafuatana kama kitu kinachobingirika, kisha vinafifia. Mzee akanigusa bega. "Huyo ndiye wetu."

Komba wa Rondo ndiye mdogo kuliko komba wote duniani wanaojulikana. Uzito wake ni kama gramu 60, yaani yai moja la kuku. Mkia wake ni kama brashi ya kuoshea chupa. Wataalamu walimtenga kama aina yake pekee miaka ya 1990 tu, na sauti hiyo ni mojawapo ya vitu vinavyomtofautisha na wengine. Yupo kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani yetu, kama Litipo na Chitoa hapahapa Lindi, na kule kaskazini Pugu na Pande, na vipande hivyo vinazidi kupungua kwa mkaa na mashamba. Sikumwona. Nilimsikia labda dakika kumi. Nilirudi nimelowa umande na sikupata usingizi upesi kwa furaha.

Ndiyo maana kilichotokea siku ya tatu kinaniuma. Tulikuwa tunateremka, njia ileile, mkunjo wa tatu au wa nne kutoka juu. Nabana breki ya nyuma, naona baiskeli haipungui mwendo. Nabana ya mbele, nasikia chuma kinakwaruza chuma. Nilijitupa pembeni kwenye majani nikachubuka kiwiko na goti. Mzee alipoikagua, pedi za mbele zilikuwa zimeisha kabisa, zimebaki bati tupu, na waya wa breki ya nyuma ulikuwa umelegea mpaka mkono unagusa usukani. Ya wifi yangu ilikuwa na nafuu, lakini si sana. Tuliteremka mlima wote kwa miguu tukizishikilia baiskeli, saa mbili na nusu, na Mzee alitembea mbele yangu njia nzima akiangalia nyuma kila baada ya hatua chache.

Pedi za breki kwa fundi yeyote wa mjini ni bei ya soda mbili au tatu. Mtu anayekodisha baiskeli za kupanda mlima anajua kwamba kila kinachopanda kitashuka. Nilimwambia hivyo kijana mwenye baiskeli, bila kupandisha sauti. Hakubisha. Alisema zilikaguliwa upepo na cheni tu, akaomba radhi, akaturudishia kodi ya siku moja ya baiskeli zote mbili. Nilizipokea, na nikamwomba azisimamishe zile mbili hapohapo mbele yangu zisikodishwe tena kabla ya kufanyiwa matengenezo. Alizifungia ndani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mnaokwenda: kabla hujalipa, inua tairi la mbele, lizungushe, bana breki. Fanya vivyo hivyo nyuma. Kisha panda, zunguka uwanja mara mbili, simama ghafla. Kama una baiskeli yako nzuri, njoo nayo. Mwongozaji chukua wa kwao, na ulipe hiyo 35,000 bila kuomba punguzo, maana bila Mzee tungeona miti tu.

Wifi ameshaniuliza kuhusu Agosti. Jana nimepita kwa fundi hapa Lindi nikanunua jozi nne za pedi, zipo kwenye mkoba wa safari. Na simu ya kwanza nimempigia Mzee, kuuliza tarehe zipi yupo.