Nyundo ya kufulia chuma: kabla hujalipa, chungulia tundu la mpini

Mwezi wa tatu kichwa cha nyundo kilichomoka mpinini, kikapita karibu kabisa na sikio la kijana wangu wa kazi, kikatoboa bati la karakana. Nyundo yenyewe ilikuwa na wiki tano. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 48,000, nyekundu, inang'aa, na muuzaji akaniapia kuwa ni ya Mjerumani. Nilipoikwangua rangi nikakuta kabari, kile kipande kinachogongwa juu ya mpini kuukaza, imezamishwa kwenye gundi. Tundu limetobolewa kwa keke, limenyooka kama bomba, tena limekwenda upande: shavu moja la chuma lina milimita 11, la pili 6.

Wengi mnaoniuliza kuhusu nyundo mnaanza na uzito na aina ya chuma. Uzito si kazi: kilo moja kwa anayeanza, kilo moja na nusu kwa mkono uliokwisha kuzoea. Mimi leo nazungumzia tundu, kwa sababu hakuna anayelitazama mpaka kichwa kiruke.

Tundu zuri lina kiuno, kama kiuno cha nyigu: pana juu, pana chini, jembamba katikati. Mpini huingia kutoka chini ukabanwa pale kwenye kiuno. Ukigonga kabari kwa juu, mbao hutanuka na kujaza ule upana wa juu. Hapo kichwa hakipandi wala hakishuki. Na liwe na umbo la yai. Tundu la duara huruhusu kichwa kuzunguka mpinini, ukapiga chuma kwa ukingo badala ya uso.

Mhunzi anayejua kazi hutoboa chuma kikiwa chekundu, akapitisha chuma cha kupanulia kutoka upande mmoja, akageuza kichwa, akapitisha tena kutoka upande wa pili. Kiuno hutokea hapo. Mwenye haraka hageuzi, na tundu lake hubaki pana upande mmoja tu, kabari haina pa kutanulia mbao.

Ukienda kununua, omba kichwa kisicho na mpini, ukimulike kwa tochi ya simu. Kama mpini umeshatiwa, simamisha nyundo mezani kwa uso wake. Mpini ulale sambamba na meza. Ukiinama au ukiinuka, tundu limepinda, na mkono wako ndio utakaolipa.

Namba moja kwangu ni Picard ya gramu 1,000, na sifichi kwamba naipendelea. Wanatengeneza nyundo Wuppertal, Ujerumani, tangu 1857. Hizi hufuliwa kwa mashine, si kwa mkono, lakini tundu la yangu sijaona mfano wake. Niliipata katika shehena ya vyombo vya mtumba, mpini umevunjika, kwa shilingi 60,000. Nikauchonga mpini wa mpera mkavu, nikautia mwenyewe. Huu mwaka wa nne, na kabari nimeigonga upya mara moja tu. Ukiwa na ndugu Ujerumani, mwambie akuletee kichwa kitupu. Mpera tunao hapa.

Namba mbili ni nyundo ya kufuliwa kwa mkono, ya ekseli ya lori, kutoka kwa wahunzi wa Gerezani, Dar es Salaam. Ninazo mbili. Moja nilimrudishia fundi kwa ajili ya tundu, naye akaipasha moto mbele yangu akaipitisha chuma upande wa pili bila kinyongo. Nililipa 35,000. Faida yake kubwa ni kwamba unaagiza umbo unalotaka: uso mmoja bapa, mwingine wenye tumbo kidogo wa kutanulia chuma, kingo zote zimeviringishwa zisiache makovu kwenye kazi. Agiza kichwa peke yake, na useme mapema kwamba utachungulia.

Namba tatu, Peddinghaus, ya Gevelsberg, jirani na Wuppertal. Nyundo nzuri, ila huku kwetu ni nadra kukutana nayo.

Zile za 12,000 ni za kupigia misumari.

Sasa wauzaji. Naingia dukani na kijana wangu, swali nauliza mimi, jibu anapewa yeye. Nikiomba kichwa kitupu naambiwa, "Mama, nyundo ni nyundo." Bei haijaandikwa popote, nyundo ileile asubuhi ni 30,000, jioni 48,000 na stika mpya. Wengine huloweka nyundo zilizolegea kwenye ndoo usiku kucha, mbao ikavimba, asubuhi ukaipokea imekaza. Baada ya siku chache mbele ya moto mpini unakauka, umelegea kuliko mwanzo, kwa sababu nyuzi za mbao zilizovimba zimejiponda ndani ya tundu. Ukirudi unaonyeshwa maandishi ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mimi yangu haikurudishwa, ingawa bati lilikuwa na tundu la kushuhudia.

Kuhusu tindo na vitoboleo, nunua za springi za lori, na ukumbuke kwamba kwa tindo yenye mpini kanuni hugeuka. Hiyo usiigongee kabari. Kichwa chake kicheze kidogo mpinini, maana kinapigwa na nyundo nyingine, na mpini uliokazwa utakurudishia kila pigo kwenye kiwiko. Mdomo ndio uwe mgumu. Upande unaogongwa uachwe laini, kwani ukiwa mgumu hurusha vipande. Ukianza kuchanua kama uyoga, sagia kingo hizo kabla ya kupiga tena.