Uzoefu wangu na breketi ya kuinua mashine kwenye tezi ya mashua

Breketi ninayoizungumzia ni ya stenlesi, ina mikono sambamba, springi nne, na ubao wa plastiki ngumu wa milimita 38 wa kubania mashine. Ukivuta mpini inapanda sentimita 38 na kujifunga yenyewe kwenye meno. Nimeifunga kwenye mashua ya mbao ya mita 7.5, tezi (sehemu ya nyuma) bapa, usukani wa nje katikati. Mashine ni ya nguvu za farasi 15, mguu mrefu, ile ya kuchanganya petroli na oili. Imeshapita kusi moja na kaskazi mbili. Breketi yenyewe nimeipenda. Maelekezo yaliyokuja nayo hayamsaidii mtu mwenye mashua ya mbao, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwa nini usichomelee tu chuma cha kawaida kama wengi tulivyozoea? Kwa sababu chuma kisichosogea lazima kikae chini ili propela ifike majini, na ukitaka kuilaza mashine unaning'inia nje ya tezi kwa tumbo. Wakati wa bamvua maji yanatoka mita tatu na zaidi, mashua inakaa mchangani, na mashine iliyosahauliwa chini hubeba uzito wa chombo kizima kwa mguu wake. Ukiwa na tanga nako, propela iliyoachwa majini inakurudisha nyuma muda wote. Kwa breketi hii unainua ukiwa umepiga goti ndani ya mashua, mkono mmoja.

Kabla ya kulipa, soma bamba la breketi. Lina namba mbili, kilo na farasi, na zote mbili lazima zitoshe. Mashine ya farasi 15 ya kuchanganya oili ni kilo 40 hivi. Ya farasi hizo hizo isiyochanganya inazidi 50. Watu wengi hutazama farasi peke yake, kisha springi zinashindwa kuinua. Na kwa kweli farasi 15 ni nyingi kwa mashua ya kiasi hiki. Chombo cha kukata maji, kisichopanda juu yake, chenye mita 6.5 kwenye mstari wa maji hakipiti noti (maili za baharini kwa saa) sita na kidogo hata ukikipa farasi 40, kinazamisha tezi tu na kunywa petroli. Ningeanza upya, ningefunga ya farasi 8 au 9.9, nyepesi.

Sasa urefu. Mguu mrefu maana yake ni sentimita 51 kutoka mahali pa kubania hadi lile bapa lililo juu ya propela (mfupi ni 38, mrefu zaidi ya huu 63.5). Kwenye mashua ya tanga bapa hilo liwe sentimita 12 hivi chini ya maji yakiwa shwari, maana tezi inapopanda wimbi, propela iliyo juujuu hunyonya hewa, mashine inapiga kelele na mashua haisogei. 51 toa 12 ni 39: ukingo wa juu wa ubao wa breketi, ikiwa imeshushwa, uwe sentimita 39 juu ya mstari wa maji. Ikipanda unafika 77, na bapa linakuwa sentimita 26 juu ya maji. Lakini kutoka bapa hadi ncha ya chini ya mguu, kwenye mashine yangu, ni sentimita 32. Kwa hiyo ikipandishwa wima, sentimita sita bado zimo majini. Ni lazima uinue breketi halafu uilaze na mashine. Tangazo linasema inatoka majini kabisa. Inatoka kwa hatua hizo mbili, si kwa moja.

Mstari wa maji usiupime mashua ikiwa tupu. Weka watu mahali wanapokaa, nanga, maji ya kunywa, galoni ya petroli iliyojaa, kisha piga alama ya penseli pande zote mbili za tezi. Kwangu tofauti ya tupu na iliyopakiwa ni sentimita saba, na sentimita saba zinatosha kuharibu hesabu yote hapo juu.

Ukiwa bado unaelea, maji yametulia, ning'iniza timazi kutoka ukingo wa juu wa tezi. Tezi za mashua zetu zimelala, juu imetoka nje kuliko chini. Shuka sentimita 50 kwenye uzi, pima kutoka uzi hadi ubao wa tezi. Kwangu ilikuja sentimita 10.6. Bamba la breketi lina kimo cha sentimita 25, yaani nusu yake, basi kabari inatakiwa inenepe sentimita 5.3 kutoka juu hadi chini ili breketi isimame wima. Usiache pini ya mashine, ile ya kurekebisha mlalo wake, ifanye kazi hiyo yote. Breketi iliyolala huipandisha mashine kwa mshazari, na mpini wake unagonga ukingo wa tezi.

Kabari hizi ndizo ninazojivunia. Nilichukua gogo moja la mvule, kimo sentimita 25, upana 30, unene milimita 66, nikalipasua kwa mshazari kutoka juu hadi chini. Zinatoka kabari mbili zinazofanana, kila moja milimita 5 upande mmoja na 58 upande wa pili. Tatu zinazobaki ni njia ya msumeno na randa. Moja inakaa nje, unene chini. Ya pili inakaa ndani, unene juu. Unene wa jumla unakuwa uleule kila mahali, milimita 63, kwa hiyo bolti zote ni za urefu mmoja, na nati za ndani zinakaa bapa badala ya kuuma kwa ukingo mmoja. Ukifunga kabari ya nje peke yake, nati itakaa upande, itakata mbao polepole, na italegea.

Kati ya tezi na kabari ya ndani weka plaiwudi ya maji ya milimita 18, sentimita 45 kwa 35, ifike kwenye mataruma (mbavu) ya tezi kulia na kushoto. Uzito na msukumo wa kwenda mbele vyote vinavuta bolti za juu kutoka nje. Ubao wa tezi peke yake utanepa, na ukinepa kalafati (pamba ya kuziba kati ya mbao) inafunguka. Mwisho kabisa, bamba la stenlesi la milimita 5 chini ya nati. Washa ndogo pekee zinazama ndani ya mbao. Ukijumlisha: 63 za kabari, 36 za tezi iliyokatwa mshazari, 18, 5, bamba la breketi 6, washa na nati 15. Ni 143, hivyo bolti nne za M10 (unene milimita 10) za urefu wa milimita 150. Tezi yako ikiwa nene zaidi, hesabu upya.

Bolti zenyewe ziwe na muhuri wa A4 kichwani. Zenye A2 zitatoa madoa ya kutu kwenye maji ya chumvi, na sumaku haikupi jibu la uhakika. Paka grisi kwenye nyuzi na kaza kwa spana ya mkono, taratibu. Stenlesi juu ya stenlesi ikikazwa kwa mashine inashika joto na kung'ang'ania, na hapo hakuna kukaza wala kufungua, ni kukata tu.

Kutoboa: kaa angalau sentimita tatu mbali na kiungo cha mbao, usitoboe kwenye kalafati. Anza na tundu la milimita 4 kutoka nje, hakikisha ndani linatokea unapotaka, kisha panua hadi 13, jaza epoksi iliyokazwa kwa unga wake, iache ikauke, halafu toboa upya 10. Sasa bolti inapita ndani ya epoksi, mbao haionji maji. Kwa mashua iliyopakwa sifa (mafuta ya samaki) miaka na miaka hapa pana kazi: epoksi na gundi za polyurethane hazishiki kwenye mbao yenye mafuta. Kwangua hadi rangi ya mbao mbichi ionekane, futa kwa asetoni na kitambaa cheupe, rudia mpaka kitambaa kitoke safi, upake siku hiyohiyo. Ukingoja kesho mafuta yanapanda tena.

Gundi nilitumia Sikaflex 291. Silikoni ya madirisha usiiguse. Kaza kwa mkono mpaka gundi itokeze kuzunguka bamba, iache usiku mmoja, kisha ongeza robo mzunguko. Zungusha nati ya ndani. Bolti ishikwe isigeuke, ukiigeuza unakata gundi iliyokwisha kushika.

Upande niliouchagua ni kushoto, sentimita 40 kutoka katikati ya usukani. Kata karatasi ngumu ya boksi kwa umbo la mashine, ishike mahali pake, ugeuze usukani mpaka mwisho pande zote, breketi ikiwa juu na ikiwa chini. Propela isikaribie usukani chini ya sentimita 10. Kwa kuwa maji ya propela hayapiti kwenye usukani, mashua ikienda polepole gatini geuza mashine pamoja na usukani. Tanga likiilaza mashua upande wa mashine, mguu unachovya hata ukiwa juu. Ndiyo maana kuilaza mashine hakukwepeki.

Onyo moja nalisisitiza: usifungue meno ya breketi kabla mashine haijabanwa. Springi zilizotengenezwa kuinua kilo 40 zikikosa mzigo zinaruka kwa nguvu ya kuvunja vidole. Mashine ikiwa nyepesi, toa springi mbili, moja kila upande.

Mpira wa petroli uachie ziada ya sentimita 50, vinginevyo breketi ikishuka unajivuta na kuingiza hewa, na mashine inazima dakika chache baadaye bila sababu ya kuonekana. Kamba ya usalama ya mashine, ya milimita 8, ifungwe kwenye taruma, kamwe isifungwe kwenye breketi yenyewe, kwa sababu ikitoka breketi vinakwenda vyote.

Kasoro niliyoiona ni vikombe vya nailoni kwenye pini za mikono. Baada ya kusi vimelika na breketi inacheza milimita mbili, tatu. Kinachovila ni mashine kupigapiga ikiwa imeinuliwa kwenye mawimbi. Tangu nianze kuifunga mashine kwa kamba isicheze, uchezaji haujaongezeka. Suuza kwa maji baridi ya kunywa, grisi kwenye pini kila mwezi, na baada ya safari mbili za kwanza kagua nati zote nne pamoja na skrubu za kubania mashine. Kwangu nati hazikusogea. Skrubu za mashine zililegea nusu mzunguko, na tangu hapo zina kufuli.